Migrivea imekua, mahindi yamedumaa: niikate au niiache?

"Habari za kazi, mtaalamu. Nina shamba la ekari moja na nusu huku Lushoto, mteremkoni. Miaka tisa iliyopita mume wangu alipanda migrivea kwenye kingo za matuta ya ngazi na mpakani, mita tatu mti hadi mti, na mingine kama ishirini iko ndani ya shamba. Katikati nalima mahindi na maharage. Mwanzo tulikuwa tunapata gunia kumi za mahindi. Masika iliyopita nimepata nne na debe mbili. Mistari iliyo karibu na miti ni ya njano, mahindi membamba, mengine hayakubeba kabisa. Napandia mbolea ya DAP kizibo kimoja cha soda kila shimo la mimea miwili, mbegu nachagua kwenye mavuno yangu, mabua tunalisha ng'ombe. Majirani wanasema mgrivea unanyonya maji na majani yake yanatia ardhi sumu. Mume wangu anasema hiyo miti ni ada ya watoto, haikatwi. Sasa kuna mnunuzi wa mbao anaitaka yote. Nifanye nini?"

Dada, pole kwa kazi, na pole kwa msimu. Kutoka gunia kumi hadi nne ni ugali wa miezi mingi uliopotea, na anayeubeba upungufu huo ni wewe unayepika. Ila kabla hatujashika shoka, tufanye hesabu moja.

Anza na ile miti 20 ya ndani. Mgrivea wa miaka tisa ambao haujapogolewa hutandaza matawi kwa upana wa kama mita 6, kwa hiyo chini yake kuna kivuli cha karibu mita za mraba 28. Mara 20 ni mita za mraba 560. Shamba lako lote ni kama mita za mraba 6,000, basi miti ya ndani inafunika chini ya sehemu moja ya kumi. Ongeza mistari iliyo jirani na kingo. Tuseme, kwa kukadiria kwa ukali kabisa, theluthi nzima ya shamba haikutoa hata punje. Bado ungevuna gunia sita au saba. Umevuna nne na ushee. Maana yake hata mahindi yaliyo mbali na miti yamepungua, lakini kwa kuwa yanaonekana nafuu kuliko yale ya njano, hakuna aliyeyatilia shaka.

Kwa hiyo jibu langu la moja kwa moja ni hili: usiuze miti yote. Punguza baadhi, pogoa inayobaki, kata mizizi upande wa mazao, na zaidi ya yote lishe ardhi. Ukiikata yote leo, mwakani utakuwa na shamba jeupe lenye mahindi yale yale ya njano, na miti haitarudi, maana kisiki cha mgrivea mkubwa huchipua kwa shida, tofauti na mkaratusi. Mgrivea hukubali kupogolewa na hata kukatwa kichwa, lakini kukatwa chini huumaliza.

Sasa maneno ya majirani. La sumu si kweli. Majani ya mgrivea ni magumu na huoza polepole, na yakifukiwa mabichi au makavu mengi kwa wakati mmoja, vijidudu vinavyoyaozesha huchukua naitrojeni ya ardhini kwa ajili ya kazi yao. Mahindi yaliyo jirani hukosa naitrojeni kwa wiki kadhaa na kuwa ya njano, na mtu akiona hivyo anasema ni sumu. Dawa yake ni kuyapitisha zizini kwanza, nitafika hapo.

La maji lina ukweli, ila unategemea mahali. Utafiti wa miaka mingi uliofanywa Machakos, Kenya, kwenye eneo la mvua haba, ulionyesha kwamba mahindi yaliyopandwa pamoja na migrivea yalizidi kupungua kadiri miti ilivyokua, na sababu kubwa ilikuwa maji. Wataalamu wengi walikuwa wakifundisha kwamba mizizi ya mti huu huenda chini tu na haigusi chakula cha mazao. Mti una mizizi ya kina, ni kweli, lakini una mingine mingi kwenye sentimita 50 za juu, pale pale mahindi yanapokula. Na penye mwamba karibu, kama sehemu nyingi za milimani, mizizi haina pa kwenda isipokuwa pembeni. Kama shamba lako liko upande unaopata mvua za kutosha, maji si adui wa kwanza. Kama liko upande mkavu, ni adui kweli.

Kuna kosa la tatu ambalo majirani hawakulitaja lakini limeenea mno: kudhani kila mti unarutubisha ardhi. Mgrivea si jamii ya mikunde na hauwezi kutengeneza naitrojeni kama mbaazi au kaliandra. Mizizi yake ina vishungi vya nywele nyingi vinavyoufanya uwe hodari wa kutafuta fosforasi kwenye ardhi maskini, na ndiyo maana unastawi mahali ambapo mahindi yanalia njaa. Maharage nayo yanasifiwa kupita kiasi. Yanatengeneza naitrojeni, sawa, lakini sehemu kubwa inaingia kwenye punje na kuishia sufuriani.

Hapa ndipo ninapoona chanzo kikubwa cha tatizo lako. Tani moja ya punje za mahindi, yaani gunia zako kumi za zamani, huondoka na takriban kilo 15 za naitrojeni. Mabua unayobeba kwa ng'ombe huondoka na nyingine kama kilo 8 hadi 10, pamoja na potasiamu nyingi. Kizibo kimoja cha DAP ni kama gramu 5. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60, ekari ina mashimo karibu 9,000, kwa hiyo ekari moja na nusu inapata kama kilo 67 za DAP, na ndani yake naitrojeni ni kilo 12 tu, kwa sababu DAP ni mbolea ya fosforasi zaidi. Zinatoka 25, zinaingia 12, miaka tisa mfululizo, huku na miti ikichukua fungu lake. Hujasema popote kwamba unaweka mbolea ya kukuzia. Nadhani hapo ndipo gunia nyingi zilipopotelea.

Lakini usiniamini tu, shamba lenyewe litakuambia. Mahindi yenye njaa ya naitrojeni huanza na majani ya chini: njano huanzia ncha na kuingia katikati ya jani kwa umbo la V, huku majani ya juu yakibaki na ukijani. Yenye upungufu wa fosforasi huwa na rangi ya zambarau yakiwa machanga. Yenye kiu hujikunja kama sigara; yakijikunja saa saba mchana jua likiwa kali si ajabu, yakiwa yamejikunja tangu saa nne asubuhi ni kiu ya kweli. Yanayokosa jua hurefuka, huwa membamba, hulalia upande wenye mwanga na hayabebi. Maelezo yako yana dalili mbili kwa pamoja, njano na wembamba, kwa hiyo kupogoa kunahitajika kwa vyovyote vile.

Pogoa kabla ya masika, mwezi wa pili. Ondoa matawi ya chini hadi nusu ya urefu wa mti. Ukienda zaidi ya theluthi mbili mti hudhoofika. Tumia msumeno, si panga. Tawi nene likikatwa kwa mkato mmoja kutoka juu huanguka na kuchuna gome la shina, na jeraha hilo huoza. Kwanza kata kwa chini ya tawi, sentimita 30 kutoka shinani, ufike theluthi ya unene. Kisha kata kwa juu, mbele kidogo ya mkato wa kwanza, tawi lianguke. Mwisho ondoa kipande kilichobaki. Tazama pale tawi linapotoka shinani, utaona uvimbe wa gome kama kola ya shati: kata nje kidogo ya uvimbe huo, usiuguse. Gome litafunga jeraha lenyewe. Kipande kirefu kikiachwa hukauka na kuzama ndani ya mbao kama fundo bovu, na fundo hilo hushusha bei. Mti wenye urefu wa mita kumi na zaidi haupandwi na mtoto wa nyumbani. Tafuta fundi mwenye kamba na mkanda.

Mizizi nayo ina utaratibu. Chimba mfereji mwembamba mita moja kutoka mashina, upande wa mazao pekee, kina cha sentimita 40 hadi 50, kata mizizi yote unayokutana nayo kwa panga au shoka, kisha rudishia udongo siku hiyo hiyo. Mfereji ukiachwa wazi mteremkoni, mvua ya kwanza inaugeuza korongo. Usikate pande zote mbili msimu mmoja, mti utaanguka na upepo. Na miti iliyoshika ukingo mrefu wa tuta, ile ambayo ikitoka ngazi inaporomoka, usiichimbe kabisa. Hiyo ipogolewe tu. Mizizi hurudi baada ya mwaka mmoja hivi, kwa hiyo kazi hii hurudiwa, na ni kazi ngumu. Ndiyo sababu nataka ujaribu kidogo kwanza ujue kama inalipa kwako.

Jaribio lenyewe ni hili. Chagua ukingo mmoja wenye mahindi mabaya zaidi. Kando yake pima vipande vinne, kila kimoja urefu wa mita 5 na mistari mitatu ya mahindi, uache mita mbili kati ya kipande na kipande. Pigilia vijiti uvitambue. Kipande cha kwanza kilime kama ulivyozoea. Cha pili weka mbolea ya yurea ya kukuzia, kizibo kimoja kila shimo, mahindi yakifika magotini, baada ya palizi na udongo ukiwa na unyevu. Iweke sentimita 5 kutoka kwenye bua na uifukie. Yurea iliyoachwa juani hupotea hewani. Cha tatu kata mizizi bila yurea. Cha nne fanya yote mawili. Rudia hivyo hivyo kwenye ukingo mwingine wa juu au chini zaidi, kwa kuwa sehemu ya chini ya mteremko hukusanya udongo wa wenzake na inaweza kukudanganya. Wakati wa mavuno pukuchua kila kipande peke yake na upime kwa kisado kile kile.

Kipande cha yurea kikikaribia kile cha yote mawili, njaa ndiyo shida na mfereji hauna haja. Cha mfereji kikifanya vizuri bila yurea, mizizi ya miti ndiyo inayokunyang'anya. Kikifanya vizuri cha nne peke yake, unahitaji vyote. Na vyote vinne vikifanana kwa ubaya, tatizo ni kivuli kilichobaki, uchachu wa udongo au ugonjwa, na hapo usiongeze mbolea kabla ya kupima.

Sehemu ya shamba iliyo mbali na miti usiisubirishe jaribio. Weka yurea mfuko mmoja wa kilo 50 kwa ekari msimu huu, kwa mtindo ule ule wa kufukia. Nunua mbegu mpya inayofaa nyanda za juu. Kama mbegu uliyoanza nayo ilikuwa chotara, kurudia mavuno yake ni kujipunguzia mwenyewe: watoto wa chotara hawafanani na mama, mengine yanakuwa mafupi, mengine hayabebi. Ukitaka kuendelea kuchagua mbegu nyumbani, tafuta aina isiyo chotara, na chagua katikati ya shamba, si kwenye gunia.

Mabua kumpa ng'ombe si kosa, kosa ni samadi kutorudi. Tandika majani makavu ya mgrivea zizini, yanywe mkojo na kukanyagwa, kisha yalundikwe pamoja na samadi chini ya paa au kivuli miezi miwili mitatu. Mkojo ndio wenye naitrojeni nyingi, na ndio unaopotea zaidi kwenye mazizi yetu. Usambara mna utajiri mwingine: kichaka cha tughutu. Majani yake huoza haraka na yana chakula kingi. Yakatekate uyafukie kwenye mistari wiki moja au mbili kabla ya kupanda. Alizeti pori nayo inafanya kazi hiyo. Lakini tuseme ukweli: kilo 100 za majani mabichi ya alizeti pori hutoa chini ya kilo moja ya naitrojeni. Mizigo unayoweza kubeba kwa kichwa haitachukua nafasi ya yurea kwenye ekari moja na nusu. Itumie kwa maharage na mistari iliyo hoi zaidi, ambako udongo unahitaji pia kulainika.

Kupunguza miti, ningeanza na kingo. Mita tatu ilifaa miti ikiwa midogo. Kwa miaka tisa inatakiwa kama sita. Toa mti mmoja, acha mmoja, ila usiifuate hesabu kama kipofu: anza kuondoa iliyopinda, yenye panda, yenye gome lililopasuka, uiache iliyonyooka. Ya ndani ya shamba inaweza kupungua hadi kumi. Kabla ya kukata, pita ofisi ya kijiji na kwa afisa misitu wa wilaya uulize vibali vya kuvuna na kusafirisha, hata kama miti ni yenu. Pima mzingo wa kila shina kwa futi kamba, urefu wa mita 1.3 kutoka chini, uandike. Mnunuzi anayetaka "yote kwa pamoja" mara nyingi anataka iliyonyooka kwa bei ya iliyopinda.

Karibu kabisa na mashina, mita moja hadi mbili, acha kupanda mahindi. Mahindi ni mmea wa jua kali, kivuli kidogo tu kinayarudisha nyuma. Maharage huvumilia zaidi, mradi usiyabane sana, kwa sababu majani yanayochelewa kukauka umande hupata ukungu. Magimbi hukubali kivuli penye unyevu. Mabingobingo kwenye kingo ni mazuri kwa kuzuia udongo na kulisha ng'ombe, lakini nayo yanakula sana. Ukiyachanganya na migrivea mstari mmoja, mahindi ya karibu yatapigwa pande mbili.

Suala la mume wako. Mnavyolieleza ni kama mmoja wenu ana haki na mwingine hana, na mimi naona kila mmoja ana hoja. Mti wenye kipenyo cha sentimita 20 ukifika 30, eneo la shina huwa zaidi ya mara mbili, na mbao hupanuka hivyo hivyo. Kuuza yote sasa ni kuuza ada kabla haijaiva. Lakini miti hiyo ikibaki imebanana na haijapogolewa, itanenepa polepole na kutoa mbao za mafundo. Kupogoa na kupunguza kunaongeza jua kwa mahindi yako na thamani ya mbao zake, kwa kazi ile ile. Matawi ni kuni zako za miezi. Mkubaliane pia kwamba fedha ya miti itakayotolewa sasa inunue yurea na mbegu, kwa sababu miti hiyo imekula shamba la chakula kwa miaka tisa.

Kuna mambo ambayo maandishi hayawezi kuyamaliza. Udongo wa milimani unaonyeshewa sana huwa na uchachu, na pH (kipimo cha uchachu) ikishuka chini ya 5.5 maharage huteseka hata ukiyawekea nini. Ng'oa maharage machache yakiwa yanachanua, pasua vinundu vya mizizini: vyenye wekundu ndani vinafanya kazi, vyeupe au vya kijani havifanyi. Vikiwa vyeupe shamba zima, pima udongo. Chukua sehemu 10 hadi 15 kwa kuzunguka shamba, kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo safi, uanike kivulini, upeleke nusu kilo. Tenga sampuli ya karibu na miti na ya mbali nayo. Usiweke kwenye mfuko uliobeba mbolea, majibu yatakuwa ya uongo. Kwa mkoa wa Tanga kituo cha udongo ni TARI Mlingano, kule Muheza. Uchachu ukithibitika utahitaji chokaa ya kilimo, na badala ya DAP huenda ukashauriwa mbolea ya fosfeti ya Minjingu, ambayo huyeyuka vizuri kwenye udongo wa namna hiyo.

Mwite afisa ugani aje shambani, usimweleze kwa simu, ukiona mahindi yanadumaa kwa viraka visivyohusiana na miti, majani machanga yakikauka kuanzia kingoni kuelekea katikati, au mizizi ya maharage ikiwa na uvimbe usiobanduka kwa kidole, kwani vinundu vizuri hubanduka kirahisi. Migrivea ikianza kukauka kutoka juu, kituo cha utafiti wa misitu cha TAFORI kiko hapo hapo Lushoto, peleka kipande cha gome na tawi. Na kama tuta limeonyesha ufa sambamba na mstari wa miti, usikate mti wala mzizi hata mmoja hapo mpaka mtu anayejua matuta alikanyage kwa miguu yake.